Mtetezi wa Umma au Wakili wa Kulipa? Kukiri au Kukana? Ukishtakiwa Mahakama ya Shirikisho Marekani

Simu za kwamba ndugu kapekuliwa au kukamatwa huingia alfajiri. Hati ya upekuzi ya shirikisho, isipokuwa jaji ameruhusu vinginevyo, hutekelezwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na wapelelezi hupenda ile saa ya kwanza, watu wakiwa bado na nguo za kulalia. Mke anampigia shemeji, shemeji anampigia mchungaji au imamu, na ikifika adhuhuri kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameteuliwa, na dola hamsini hamsini zimeanza kuingia. Swali linalozunguka humo ni moja: wakili mzuri anapatikana wapi, na anataka ngapi?

Nimekaa kwenye vikao hivyo mara nyingi. Moyo wa kuchangiana naupenda, maana mtu wa kwetu haachwi peke yake. Lakini nimeona pia michango ya watu wanaoosha vyombo na kulea wazee ikienda kwa wakili ambaye hajawahi kusimama mbele ya jaji wa shirikisho, wakati mawakili wasio na kazi nyingine ila hiyo walikuwa wanapatikana bure. Mimi si wakili. Ninachoweza ni kuziweka njia bega kwa bega, ili anayechagua achague akiwa anaona.

Shirikisho si jimbo

Marekani ina mahakama za majimbo na za shirikisho. Ugomvi wa baa, wizi wa dukani, kuendesha gari ukiwa umelewa, hayo kwa kawaida ni ya jimbo. Shirikisho huchukua mambo yanayovuka mipaka ya majimbo au yanayogusa sheria na pesa za serikali ya taifa: ulaghai kupitia simu, intaneti na benki, utakatishaji fedha, madawa ya kulevya, silaha, viza na pasipoti za uongo, kodi, madai ya uongo kwa bima za afya za serikali. Kuna mahakama za wilaya za shirikisho 94. Kesi hupelelezwa na FBI (wapelelezi wa taifa), DEA (wapelelezi wa madawa ya kulevya), wapelelezi wa kodi au wa posta, tena mara nyingi kwa miezi au miaka kabla mlango haujagongwa. Kwa makosa makubwa, mshtakiwa ana haki ya mashtaka yake kupita kwanza kwenye jopo kuu la wananchi 16 hadi 23, ambamo angalau 12 lazima wakubali ndipo hati ya mashtaka itoke.

Siku unapokamatwa, basi, upande wa pili umeshasoma jumbe zako, umeshaona miamala yako ya benki, na pengine umeshaongea na rafiki yako. Wewe ndiyo kwanza unaamka.

Mlangoni: kueleza au kunyamaza

Hapa ulinganisho ni mfupi, kwa sababu upande mmoja umezidi mno.

Anayeeleza huwa na nia njema. Tumelelewa kwamba mkubwa akiuliza unajibu, na kwamba anayenyamaza ana lake moyoni. Ukweli wa sheria ni mwingine. Kumdanganya mpelelezi wa shirikisho kuhusu jambo la msingi ni kosa linalojitegemea, kifungo chake hadi miaka 5, hata kama hukuapishwa na hata kama mlikuwa sebuleni mnakunywa chai. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ilisema hata kujibu “hapana” tu, kama ni uongo, kunatosha. Na lile onyo maarufu la haki ya kunyamaza, lililotokana na kesi ya Miranda ya 1966, linalazimika pale unapohojiwa ukiwa chini ya ulinzi. Wakikukuta barazani huku uko huru kuondoka, si lazima wakusomee chochote.

Anayenyamaza hapotezi chochote. Anasema maneno machache: “Sitaki kujibu maswali. Nataka wakili.” Hapigi kelele, hazuii upekuzi kama wana hati, hakimbii, hafuti kitu kwenye simu. Akishakutana na wakili, mlango wa kuzungumza bado uko wazi, safari hii kwa masharti yaliyoandikwa. Sijawahi kumsikia mtu akijuta kwamba alimngoja wakili wake.

Jambo moja kwa wenye pasipoti za nje: chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Mtanzania au Mkenya aliyekuja kusoma anaweza kuona faida. Aliyekimbia nchi yake akaomba hifadhi afikiri mara mbili, na amuulize wakili kwanza.

Mtetezi wa umma, wakili wa kuteuliwa, wakili wa kulipa

Hapa ndipo nataka kukaa, kwa kuwa ndipo pesa zetu zinapopotea. Na naanza na neno.

Kwa Mtanzania, “wakili wa serikali” ni mtu anayesimama upande wa mashtaka. Ndiye anayekupeleka jela. Sasa mkalimani kwenye kikao cha kwanza, kwa haraka, anamwambia mshtakiwa: “Mahakama itakupa wakili wa serikali.” Mtu anashtuka. Serikali inishtaki, halafu serikali hiyo hiyo inipe wakili? Anakataa, na familia inaanza kuuza gari. Nimeona jambo hili kwa macho yangu, na mzee yule alikuwa na akili timamu kabisa. Alichokosa ni neno sahihi. Mwite mtetezi wa umma. Mshahara wake unatoka kwenye bajeti ya mahakama, hauhusiani na ofisi ya mashtaka, na siri zako kwake zinalindwa na sheria sawasawa na siri za wakili unayemlipa.

Haki ya kupewa wakili kwenye mahakama ya shirikisho ilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1938, na sheria ya 1964 ikaweka utaratibu wa kuwalipa mawakili hao. Leo karibu kila wilaya ina ofisi ya watetezi wa umma wa shirikisho. Mawakili wake hawafanyi talaka asubuhi na ajali za magari jioni. Kila siku wako mbele ya majaji wale wale, wanajua jaji yupi anakerwa na nini, wanajua mwendesha mashtaka yupi hupunguza na yupi hapunguzi. Ofisi ina wapelelezi wake, ina wasaidizi wa sheria, na inaweza kuomba pesa za wataalamu na wakalimani. Udhaifu wake nao upo: humchagui wewe, ana wateja wengine wengi, na simu yako ya Ijumaa jioni huenda ikajibiwa Jumatatu. Sifa ya watetezi wa umma waliolemewa na kesi mamia inatoka zaidi kwenye mahakama za majimbo. Ofisi za shirikisho kwa jumla zina hali nzuri kuliko hizo, na hilo wengi wetu hatulijui.

Kama washtakiwa ni wengi katika kesi moja, ofisi haiwezi kuwatetea wote kwa sababu maslahi yao yanagongana. Hapo wengine hupewa wakili wa kuteuliwa, yaani wakili wa kujitegemea aliyeko kwenye orodha ya mahakama na anayelipwa kwa saa na mahakama. Ubora wao unatofautiana. Kuna walio moto wa kuotea mbali na kuna wa kawaida. Mwaka 2025 fedha za kuwalipa ziliisha mwezi Julai, wakakaa miezi wakifanya kazi bila malipo. Si kosa la mshtakiwa, lakini mtu anayelinganisha anastahili kulijua.

Halafu kuna wakili wa kulipa. Faida yake ya kwanza ni kwamba unaweza kumpata kabla ya mashtaka. Watu wengine hupokea barua ya kuwaarifu kwamba wanachunguzwa, na wakati huo mara nyingi mahakama bado haijawateulia wakili. Wakili mzoefu anayeingia mapema wakati mwingine huzuia mashtaka yasifunguliwe kabisa, au huyafanya yafunguliwe madogo. Kwa kesi nzito za fedha, zenye mamilioni ya kurasa za nyaraka, ofisi ya wakili yenye timu kubwa inasaidia. Na haki ya kumchagua unayemlipa ni nzito: mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama ikikunyima wakili uliyemchagua bila sababu halali, hukumu inatenguliwa.

Lakini pesa yenyewe ina mitego. Malipo ya kesi ya jinai hayawezi kutegemea ushindi; anayekwambia “nikishinda ndiyo unilipe” anavunja maadili ya uwakili. Pesa inayodaiwa kuwa ni tunda la kosa inaweza kutaifishwa hata kama umeshampa wakili, ingawa tangu 2016 serikali haiwezi kuzuia pesa zako safi unazozihitaji kumlipa. Na kwa wanaochanga: ofisi ya wakili ikipokea fedha taslimu zaidi ya dola 10,000 katika shughuli moja, lazima itoe taarifa kwa mamlaka ya kodi pamoja na jina la aliyeleta. Hakuna ubaya kama pesa ni halali, ila mweka hazina asishangae. Tumieni hundi au benki, na wekeni daftari.

Maswali ya kumuuliza wakili wa kulipa kabla ya kumpa hata senti: Umeendesha kesi ngapi katika mahakama hii ya shirikisho, si ya jimbo? Ngapi zilifika mbele ya jopo la wananchi 12 wanaoamua kama una hatia? Bei hii inaishia wapi, kwenye kukiri au mpaka mwisho wa kesi? Hapo kwenye bei ndipo watu huumia. Bei ya jumla inalipwa, mshtakiwa anasema anataka kukana, ndipo anaambiwa kwamba kesi kamili inahitaji kiasi kingine mara tatu ya kile. Harambee imeshakauka. Anakiri, si kwa sababu ushahidi umemshinda, ila kwa sababu mfuko umemshinda. Mtetezi wa umma hana mtego huo, kwani mshahara wake ni ule ule ukikiri au ukikana.

Wala usidhani wakili wa bure ni wa mafukara peke yao. Kipimo ni kama huwezi kumudu utetezi wa kutosha baada ya kutoa mahitaji ya familia, na kesi ya shirikisho ni ghali kiasi kwamba wenye kazi zao nao huangukia humo. Unajaza fomu ya hali ya kifedha, kwa kiapo, kwa hiyo iandike kwa ukweli. Jaji anaweza kukuagiza kuchangia sehemu ikiwa una uwezo.

Msimamo wangu ni huu: mashtaka yakishafunguliwa, anza na mtetezi wa umma. Mtafute wa kulipa pale tu mnapoweza kumlipa mpaka mwisho, na ana historia kwenye mahakama hiyo hiyo. Michango ya jumuiya itafanya kazi kubwa zaidi kwenye kodi ya nyumba, nauli za familia kwenda mahakamani, na wakili wa uhamiaji wa kushirikiana na yule wa jinai. Kujitetea mwenyewe kunaruhusiwa tangu uamuzi wa 1975, na sikushauri.

Dhamana, kwa ufupi

Katika filamu mtu wa dhamana anakuja na mkoba wa pesa. Mahakamani huku si hivyo. Kwa sheria ya 1984, hakimu huuliza mambo mawili: utakimbia? Una hatari kwa wengine? Wanaoachiliwa mara nyingi husaini ahadi, hukabidhi pasipoti, pengine na ndugu husaini kama mdhamini. Kwa baadhi ya makosa, hasa ya madawa yenye adhabu ya miaka 10 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhania ubaki ndani, na kazi ya kulipindua hilo ni yako na wakili wako. Serikali inaweza kuomba hadi siku 3 za kujiandaa. Zitumieni kukusanya barua za kazi, za shule za watoto, za msikiti au kanisa. Hapo jumuiya ikijaa kwenye viti vya nyuma hakimu anaona kwa macho yake kwamba mtu huyu ana mizizi. Ambaye si raia aulize pia kama idara ya uhamiaji imeweka ombi la kumzuilia, maana unaweza kuachiliwa na hakimu ukachukuliwa mlangoni na wengine.

Kukiri au kukana

Takwimu za mwaka wa fedha wa 2022, kama zilivyochambuliwa na taasisi ya utafiti ya Pew: washtakiwa 71,954. Walioachiwa baada ya kesi kamili walikuwa 290. Waliokiri walikuwa karibu asilimia 90. Asilimia 8 hivi kesi zao zilifutwa.

Namba hizo hutumiwa kuwatisha watu, kana kwamba kukana ni wazimu. Zisome vizuri. Waliofutiwa kesi ni wengi mara nyingi zaidi kuliko walioshinda kwenye kesi kamili, kwa hiyo kati ya kukiri na kusimama kizimbani kuna njia ya tatu: kukana, kupinga ushahidi kwa maombi ya maandishi, na kungoja. Upekuzi ulikuwa na hati halali? Maelezo yako yalichukuliwaje? Serikali imetoa ushahidi unaokusaidia, kama inavyolazimika tangu kesi ya Brady ya 1963? Wakili anayekuletea karatasi ya kukiri kabla hajapinga wala kusoma chochote, muulize kwa nini.

Kukiri kunaleta nini? Mwongozo wa hukumu, ulioanza Novemba 1987 na ambao tangu 2005 haumlazimishi jaji lakini bado anauhesabu kwanza, una ngazi 43 za uzito wa kosa. Anayekubali kosa hupunguziwa ngazi 2, na ya tatu kama alikuwa ngazi ya 16 au zaidi na alikubali mapema. Kwa mtu asiye na rekodi, ngazi ya 19 ni miezi 30 hadi 37. Ikishuka hadi 16 inakuwa miezi 21 hadi 27. Ni miezi 9 hadi 10 zaidi nyumbani na watoto. Kukiri pia ndiko kunakotumika kuondoa mashtaka yenye kifungo cha chini cha lazima. Kosa la kutumia utambulisho wa mtu mwingine ndani ya kosa jingine, kwa mfano, linaongeza miaka 2 kamili juu ya kifungo kingine, na jaji hana ruhusa ya kuipunguza. Na kumbuka msamaha wa sehemu kubwa ya kifungo tuliouzoea nyumbani haupo: parole ya shirikisho, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, ilifutwa kwa makosa yaliyofanyika tangu 1987, na nafuu ya tabia njema ni hadi siku 54 kwa mwaka. Sheria ya 2018 imeongeza nafasi za kupunguza kwa kushiriki mafunzo, lakini si kwa makosa yote, na aliyeamriwa kuondolewa nchini hawezi kuzitumia kutoka mapema.

Kukiri kunachukua nini? Mara nyingi haki ya kukata rufaa. Utetezi ambao bado haujajaribiwa. Na hukumu haiko mikononi mwa waliokuahidi: katika makubaliano mengi mwendesha mashtaka anapendekeza tu, jaji anaamua. Kuna aina moja ambamo jaji akiyakubali makubaliano anafungwa na kifungo kilichotajwa. Uliza yako ni ipi.

Kuna habari mbili za jimbo la Iowa na jirani yake Illinois ambazo nawasimulia watu wote wanaoniuliza. Tarehe 12 Mei 2008 wapelelezi walivamia kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Postville, wakakamata watu 389, wengi Waguatemala. Mahakama iliwekwa kwenye uwanja wa maonyesho ya ng'ombe mjini Waterloo. Watu waliambiwa: kirini kutumia karatasi za uongo, mfungwe miezi 5 na kurudishwa kwenu, mkikataa, tutawashtaki kwa lile kosa la utambulisho lenye miaka 2. Walipewa siku 7. Wengi wao walikuwa Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala, Kihispania chenyewe kwao ni lugha ya pili, na mkalimani mmoja aliandika baadaye kwamba wengi hawakuelewa hata nambari ya hifadhi ya jamii ni kitu gani. Karibu 300 wakakiri.

Wakati huo huo, fundi mmoja wa chuma wa Illinois kutoka Mexico, Ignacio Flores-Figueroa, alikuwa amekana shtaka hilo hilo la utambulisho. Hoja yake ilikuwa nyepesi: nilijua karatasi si zangu, lakini sikujua kwamba nambari zile ni za mtu halisi. Alishindwa mahakama ya kwanza, akashindwa rufaa. Tarehe 4 Mei 2009, wiki moja kabla ya mwaka kutimia tangu Postville, Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, majaji wote tisa upande wake: serikali lazima ithibitishe kwamba ulijua ni za mtu halisi. Wale wa Postville walikuwa wameshamaliza vifungo na kupandishwa ndege.

Sisemi Flores-Figueroa alikuwa na akili kuliko wao. Walikuwa na watoto waliobaki nyumbani, na miezi 5 ni michache kuliko miaka 2. Ninachosema ni kwamba siku 7 hazitoshi, na mkalimani wa lugha isiyo yako hatoshi. Hili la lugha linatuhusu sana. Mtihani wa shirikisho wa kuthibitisha wakalimani upo kwa Kihispania tu. Wa Kiswahili wanakubaliwa kwa njia nyingine, na viwango vinapishana. Mama wa Kivu Kusini ambaye Kiswahili chake ni cha Uvira akipewa mkalimani wa Zanzibar watasalimiana vizuri, kisha watapotezana kwenye “dhamana” na “njama”. Kama lugha yako ya ndani ni Kibembe au Kinyamulenge, sema tangu siku ya kwanza. Sheria ya wakalimani ya 1978 iko upande wako.

Na hilo neno njama lilinganishwe pia. Kwetu kula njama ni watu kujifungia usiku kupanga uovu. Katika sheria ya shirikisho ni makubaliano, hata ya kimyakimya, kwa baadhi ya makosa pamoja na kitendo kimoja cha kuyasogeza mbele, na si lazima mpango ufanikiwe. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, aliyeshtakiwa New York kwa milipuko ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam ya 1998 iliyoua watu 224, alikana. Mawakili wake walikuwa wa kuteuliwa na mahakama, na walifanikiwa kumzuia shahidi mkubwa kwa sababu jina lake lilipatikana kwa mahojiano ya kulazimisha. Novemba 2010 jopo likamwachia katika mashtaka zaidi ya 280. Likamtia hatiani katika moja, la njama. Alipewa kifungo cha maisha. Akina Akasha wa Mombasa, waliopelekwa mahakama hiyo hiyo Januari 2017 kwa madawa ya kulevya, walikiri mwaka 2018 makosa ambayo yangeweza kuwapa maisha; Baktash akapata miaka 25, Ibrahim 23. Makosa hayafanani na siwalinganishi watu. Nalinganisha hesabu: kwenye mahakama hii shtaka moja likibaki limesimama linaweza kubeba uzito wa yote. Usihesabu mangapi umeondolewa. Hesabu lililobaki lina miaka mingapi.

Kwa hiyo kukana hadi mwisho kunafaa zaidi pale mzozo uko kwenye jambo moja unaloweza kulionyesha: ulijua au hukujua, ulikuwepo au hukuwepo, upekuzi ulikuwa halali au la. Wananchi 12 lazima wakubaliane wote, na mmoja akikataa hawawezi kukutia hatiani, ingawa serikali inaweza kukupeleka mbele ya jopo jipya. Kukiri kunafaa zaidi pale ushahidi ni wa maandishi yako mwenyewe na kinachogombewa ni ukubwa wa hasara. Katikati ya hayo kuna kushirikiana na upelelezi, ambako kunaweza kushusha kifungo hata chini ya kile cha lazima, lakini kunataka useme yote, na kwa mtu mwenye ndugu Goma au Mombasa, usalama wao uzungumzwe kabla ya kusaini.

Swali la makaratasi

Kwa asiye raia, hata mwenye grini kadi ya miaka thelathini, hukumu ina adhabu ya pili isiyosomwa na jaji. Ulaghai wenye hasara ya zaidi ya dola 10,000, biashara ya madawa kwa kiasi chochote, wizi wenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi hata kama kimeahirishwa: haya huifunga karibu milango yote ya kubaki nchini. Kwa hiyo makubaliano yanayoonekana mazuri, kifungo cha nje na faini, yanaweza kuwa mabaya kuliko miezi 8 ya jela kwa kosa jingine. Tangu 2010 wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza hili.

Jae Lee alikuja Marekani kutoka Korea Kusini mwaka 1982 akiwa na miaka 13, akafungua migahawa Memphis. Wapelelezi walipokuta madawa nyumbani kwake alikubali palepale kwamba ni yake. Alimlipa wakili wake mwenyewe, na mara kwa mara alimuuliza: nitafukuzwa? Akajibiwa hapana. Siku ya kukiri jaji alimuuliza kama uwezekano wa kufukuzwa unaathiri uamuzi wake, akasema ndiyo. Jaji akauliza, vipi? Lee akasema haelewi, akamgeukia wakili. Wakili akamwambia ni onyo la kawaida tu. Akakiri, akapewa mwaka mmoja na siku moja, na kwa kosa lile kufukuzwa kulikuwa ni lazima. Ilimchukua hadi Juni 2017, mbele ya Mahakama ya Juu, kuruhusiwa kuurudisha nyuma ule ukiri.

Kabla ya kusaini, mwambie wakili aandike kwa barua, kwa jina la kosa na kifungu chake, nini kitaupata ukaazi wako, na wakili wa uhamiaji aisome. Siku ya kikao jaji atakuuliza maswali mengi mfululizo na mkalimani atakuwa anaharakisha. Likifika lile la uhamiaji, kama kuna neno hujalielewa, sema hujaelewa. Jaji anaweza kusimamisha kikao ili uongee na wakili wako.